Fundi Mishi na Ukurasa wa Cucu

Ukimtafuta Mishi Zubair pale Nyeri mjini, usiulize Mishi, maana mtaa wa Majengo peke yake una akina Mishi wa kujaza lori. Uliza fundi wa vitabu vya nguo. Hapo hata mwuza njugu atakushika mkono akupeleke mpaka kibandani kwake nyuma ya soko, ambako sare za shule zinaning'inia mlangoni kama wanafunzi waliochelewa, na ndani cherehani inalia tangu asubuhi.

Sare ndizo zinazomlisha. Vitabu vilikuja baadaye, na vilikuja kwa sababu ya meno. Mwalimu mmoja wa chekechea, Wachuka, alimletea gunia la vitabu vya picha vilivyotafunwa na watoto, akauliza kama vinaweza kushonwa. Mishi akavipekua. Kimoja kilikuwa na baba mwenye koti refu akiondoa theluji mlangoni. Kingine kilikuwa cha hapa hapa Kenya, na ndani yake babu alikaa juu ya kigoda na kibuyu chake, nyanya amejifunga ngozi begani.

"Hawa ni kina nani?" Mishi akauliza.

"Familia."

"Familia ya nani, mwalimu? Babu ya watoto wako si anaendesha tingatinga?"

Wachuka alicheka mpaka akaegemea mlango. Mishi hakucheka. Wiki iliyofuata alimpelekea kitabu cha kwanza: kurasa za kitambaa kizito cha marekani, watu wa vitambaa vya mabaki, maneno machache ya uzi mwekundu. Babu alikuwa juu ya tingatinga. Tangu hapo watu wakaanza kumjia, kila mtu na mtoto wake, kila mtoto na watu wake. Kitabu cha Mishi mtoto akikimwagia uji, kinafuliwa na kuanikwa kambani pamoja na soksi.

Jambo moja kuhusu vitabu hivyo ni lazima lijulikane. Watu wake hawana macho wala midomo. Mishi alilelewa na wazee ambao hawakutaka picha ya kiumbe yenye uso ikae nyumbani, na ingawa siku hizi wazee hao hao wanajipiga picha na simu wakitabasamu, mkono wake ulikataa katakata kushona macho. Kwa hiyo mtu wa Mishi anajulikana kwa nguo aliyovaa na kitu alichoshika. Ndiyo sababu huwachosha wateja kwa maswali. Viatu vyake vina kamba? Kofia anaivua akiingia nyumbani? Ukimkosea mtu wa Mishi nguo, basi umemkosea yeye mwenyewe, kwa kuwa hakuna kingine cha kumjua nacho.

Hivyo Tabby alipokuja kibandani siku ile ya Jumatatu, amemshika mkono msichana mdogo mwenye mafua, Mishi alianza kama kawaida yake.

"Haya. Nani na nani?"

"Wote," Tabby akasema. "Baba yake, mimi, dada yake, mama Shakir. Lakini yule nataka sana ni cucu yake. Mama yangu."

Tabby ni Mkikuyu wa Gatitu, binti wa marehemu Ngatia. Aliolewa mtaa wa Skuta na Shakir, fundi wa magari, kijana wa Kiislamu ambaye mama yake, Bi Sumeya, anafahamiana na Mishi tangu utoto wao Majengo. Ndoa ile ilileta maneno mengi, lakini maneno huchoka. Kilichobaki kilikuwa kitu kimoja, na Tabby alikieleza akiwa amesimama, kama mtu aliye mbele ya hakimu.

Kwao, mtoto hapewi jina kwa sababu linapendeza sikioni. Binti wa kwanza ni mama ya baba. Binti wa pili ni mama ya mama. Na bibi akishapewa mtoto, watu husema amezaliwa: fulani amezaliwa kwa binti yake, na kikongwe mwenyewe anatembea akiwa mpya.

"Wa kwanza tukamwita Sumeya," Tabby akasema. "Cucu akasema hiyo ni haki yao. Akangoja zamu yake. Wa pili akakuja, huyu hapa. Nilikuwa bado na kidonda ya upasuaji. Siku ya saba shangazi zake Shakir wakakaa kwa sitting room wakasema Hanan. Mimi nikasema sawa."

"Na mama yako?"

"Alipiga simu, akauliza jina tu. Nikamwambia Hanan. Akanyamaza, nikafikiria network imepotea. Halafu akasema, 'Kumbe mama ya bwana yako amezaliwa, na mimi sijazaliwa.' Akakata. Hanan sasa ako na miaka minne, fundi. Cucu hajawahi kumwona."

Msichana alikuwa ameshapanda kwenye rundo la mabaki ya vitambaa. "Maitu, wacha mkasi!" Tabby akasema bila kugeuka. "Maitu, shuka hapo."

Kisha akaeleza haraka yake. Kifua cha mama yake kimeshindwa na baridi ya Nyeri, na kaka yake Munene, mwenye duka la mchele Wang'uru, anamhamisha akakae huko kwenye joto. Anahamia moja kwa moja. Jumamosi watapita mjini kuchukua dawa, na Munene amembembeleza mpaka amekubali kupitia Skuta.

"Amesema atasimama kwa gate. Aone mtoto, aende. Gate, fundi, si mlango. Mtoto akimwogopa, ama amuulize wewe ni nani, basi imeisha. Huyo mama namjua, harudii kitu. Nataka Hanan akimwona tu aseme, 'Huyu ni cucu.'"

"Anavaa nini?"

Tabby akafikiri. "Nguo ya kijivu. Ndefu. Kitambaa nyeupe kwa kichwa. Na kiondo."

"Kamba ya kiondo begani au kichwani?"

Tabby akapapasa kichwa chake mwenyewe. "Zamani kichwani," akasema. "Sasa sijui."

Mishi alijua kwamba jibu hilo halitoshi. Kwa mteja mwingine angemwambia nenda ukaulize kwanza. Lakini aliutazama uso wa Tabby, akachukua chaki yake.

Kazi ya usiku ilikuwa nyingi wiki ile, maana shule zilikuwa zinafunguliwa, lakini ukurasa wa cucu aliushona mchana, kwenye mwanga, kwa mkono. Kuna sababu. Mama yake Mishi aliitwa Zuhura, na Zuhura lilikuwa jina la ndoa. Kabla yake alikuwa msichana wa Kikuyu kutoka kijiji fulani upande wa Othaya, aliyemfuata Zubair mwenye bucha na kufungiwa milango yote nyuma yake. Mama huyo alikufa Mishi akiwa darasa la pili. Alipokuwa mtu mzima Mishi aliwauliza wazee wa Majengo jina la kwanza la mama yake, na kila mmoja akamwambia, "Sisi tulimjua Zuhura." Wala si kwamba analia kwa ajili hiyo. Ila anaposhona nyanya wa mtu sindano inaenda polepole.

Jumatano akampelekea Tabby ukurasa ule mmoja kabla ya kitabu kukamilika, ili mtoto aanze kuuzoea. Tabby akawa anampa Hanan kila jioni. Huyu ni nani? Cucu. Anavaa nguo gani? Ya kijivu. Ukimwona utasema nini? Huyu ni cucu. Mtoto akaiva kama amekariri sala.

Jumamosi asubuhi ukungu ulikuwa umekaa juu ya mabati ya Skuta, na Mishi alipanda na kurasa zilizobaki kwapani, zimefungwa ndani ya leso. Nyumbani kwa Shakir walikuwa wameamka mapema. Bi Sumeya alikuwa amevaa buibui yake nzuri, ametandaza mandazi, ametandaza na mkeka ambao hakuna aliyeamini kwamba mgeni atafika kuukalia. Shakir alikuwa nje, anasugua mikono kwa sabuni ya unga, na grisi ya chini ya kucha inamgomea.

"Mishi, njoo unitulizie huyu mkwe," Bi Sumeya akasema. "Tangu alfajiri anafagia mahali pamoja."

Mishi na Tabby wakaingia jikoni, wakaunganisha kurasa, sindano mbili kwa mpigo. Baba mwenye spana. Mama mwenye leso. Bibi Sumeya na tasbihi yake. Dada mwenye begi la shule. Cucu wa kijivu. Na mwisho Hanan mwenyewe, gauni la manjano, mkononi kipande cha andazi. Tabby alikuwa anatabasamu kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo. Halafu akaona maneno yaliyo chini ya gauni la manjano, na tabasamu likamtoka kama taa iliyokatika.

Mishi alikuwa ameshona, kwa herufi kubwa nyekundu: MAITU.

"Nani alikuambia uandike hii?"

"Si ndivyo unavyomwita?"

"Namwita!" Tabby alikuwa ananong'ona, lakini ni mnong'ono wa kukwaruza. "Namwita na mdomo, fundi. Sikusema iandikwe."

"Tabby, kwetu kila msichana ni mama. Mama njoo, mama kula. Hata paka jike tunamwita mama. Nikaona kwako ni vile vile, kwa Kikuyu tu."

Ni kosa ambalo angelifanya mtu wa Majengo na si mtu mwingine. Neno alilijua vizuri, ni la lugha ya mama yake. Masikio ndiyo yaliyokuwa ya upande wa baba.

"Kwetu hauwezi kumwita mtoto maitu hivi hivi," Tabby akasema. "Unamwita maitu kwa sababu ndiye mama yako. Kwa sababu umempa jina ya mama yako."

Mishi akaweka sindano chini. "Kwa hiyo ulimpa."

"Nilimpa. Hospitali, kabla hao wengine hawajafika. Nilimwambia kwa sikio, wewe ni Kabura. Sikuambia mtu."

"Hata Shakir?"

"Anafikiria ni mama tu, kama nyinyi."

"Sasa mama yako akiona si atafurahi?"

"Fundi, aliniuliza kwa simu! Aliniuliza jina, na nilikuwa nayo, na nikamnyima. Afikirie sikumpa, hiyo ameshaizoea. Lakini ajue nilikuwa nimempa na nikamficha kwa sababu naogopa watu wa hii nyumba..." Akamsukumia kitabu. "Fumua. Fumua saa hii."

Mishi akatoa kijikisu chake cha kufumulia. Kwa kawaida uzi ule ungetoka wote kwa mvuto mmoja, lakini Mishi huwa anapiga fundo kila herufi, ili kitabu kisiwaharibikie watu kwenye karai. Sasa mafundo yale yalimgeukia. Akaanza mwishoni. U ikatoka, imeng'ang'ania. Akaingia kwenye T. Tabby amesimama juu yake, anapumua kwa mdomo. T ikaachia upande mmoja, kisha wa pili.

Honi ikalia nje.

"Nyinyi mnapika nini humo ndani?" Bi Sumeya alikuwa mlangoni. "Wageni wako getini. Lete kitabu, lete mtoto!" Akakichukua kitabu mikononi mwa Mishi, akatoka nacho.

Mishi na Tabby wakatazamana. Ukurasani zilikuwa zimebaki herufi tatu: MAI. Mtu wa pwani angeona si neno. Lakini mtu wa Gatitu akilivuta neno hilo ni maji, na akilikata fupi ni kile kitu kinachofukiwa nyuma ya choo, ambacho hakitajwi mbele ya chai. Na lilikuwa limekaa chini ya picha ya mtoto.

Getini pickup ya Munene ilikuwa inanguruma, nyuma imefungwa godoro na viti viwili kwa kamba. Kabura alikuwa mbele, mlango wazi, mguu mmoja ndani ya gari na mmoja juu ya jiwe la geti, kama mtu aliyekwisha kuamua mahali pa mwisho pa kukanyaga. Alikuwa mwembamba, mrefu. Alikuwa amevaa sweta ya rangi ya damu ya mzee na kitambaa cha maua ya manjano kichwani. Hakuwa na kiondo. Mkononi alikuwa na chupa ya chai ya plastiki, ameikumbatia kama kuku.

Mishi akamtazama toka kichwani hadi miguuni. Hakuna uzi hata mmoja aliokuwa ameupatia.

"Karibu, mama," Shakir akasema, ameinamisha kichwa. "Karibu ndani."

"Hapa panatosha." Sauti ilikuwa na mikwaruzo. "Mtoto ni yupi?"

Bi Sumeya akamsogeza Hanan mbele kwa kiganja. Kikongwe akamtazama kwa muda mrefu, paji, masikio, vidole vya miguu. Tabby akainama kando ya mtoto.

"Hanan," akasema, "huyu ni nani?"

Hanan akatazama sweta. Akatazama maua. Akatazama chupa ya chai.

"Sijui," akasema.

"Hanan. Si tulisoma? Huyu ni nani?"

"Si cucu," mtoto akasema waziwazi, kama anamsaidia mama yake aliyekosea. "Cucu ni wa kijivu."

Munene akazima redio. Hata jirani aliyekuwa anaanika nguo upande wa pili wa ua alishika kibanio hewani.

"Cucu ni wa kijivu," Kabura akarudia. "Ati kijivu. Hebu nirete hiyo kitu mnamfundisha nayo."

Bi Sumeya, asiyejua lolote, akampa kitabu. Kabura akaanza kugeuza kurasa za kitambaa kwa kidole gumba, taratibu. Akampita baba mwenye spana. Kwenye tasbihi akatua kidogo, akamtazama Bi Sumeya, akaendelea. Akafika kwenye ukurasa wake.

"Huyu mzee wa gunia ya simiti ni mimi?"

Akakigeuza kitabu ili wakione.

"Nani alisema nguo yangu ni hii?"

"Ni mimi, mami," Tabby akasema.

"Mimi nimevaa kijivu lini?"

"Siku ya mazishi ya baba."

"Hiyo ni siku moja!" Kabura alifoka, na kufoka kukamletea kikohozi, na wote wakasimama wakimsubiri akohoe amalize. "Siku moja, Tabby. Mimi nimekulea miaka yote hiyo na nguo za rangi, na wewe unabeba hiyo moja." Akageuza ukurasa kwa nguvu. Ukurasa wa mwisho ukafunguka.

Kabura hakusoma shule nyingi, lakini Biblia ya Kikuyu ameisoma mpaka jalada likatoka. Akaweka kidole chini ya herufi tatu. Midomo yake ikazitamka bila sauti. Akazitamka tena. Uso ukabadilika.

"Hapa mmeandika nini?"

Munene alinyoosha shingo kutoka upande wa usukani, akaona, akarudi haraka kama aliyeungua.

"Nauliza. Ni maji, ama ni ile ingine? Mjukuu wangu mmemwandika hivi chini ya miguu, halafu mnanipa nisome?"

"Ni mimi, cucu," Mishi akaruka mbele. "Mimi ndiye fundi. Kosa ni langu. Uzi uliisha kabla..."

"Uzi uriisha ukiandika nini?"

Mishi angeweza kusema chochote: Mai wa Mainda, Mai wa Maimuna. Hanan ana shangazi wa kutosha. Uongo ulikuwa umeshafika kwenye ulimi. Lakini neno lile halikuwa lake kulisema wala kulificha, na alishalichezea mara moja. Akamtazama Tabby.

Kabura alikuwa anakifunga kitabu. Mguu wa kwenye jiwe ukaanza kuinuka kurudi garini. "Munene, washa gari."

"Ni maitu," Tabby akasema.

"Umesema?"

"Ilikuwa imeandikwa maitu. Nikamwambia afumue ndio usione. Ndivyo namwita. Tangu azaliwe." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Ni wewe. Nilikuita hospitali, kabla ya mtu yeyote. Halafu nikaogopa."

Shakir aligeuka akamtazama mke wake kama anayemwona kwa mara ya kwanza. "Tabby. Hiyo maitu..."

"Miaka minne," Bi Sumeya akasema taratibu. "Miaka minne namsikia, maitu oga, maitu lala. Nikajua ni mama tu."

Kabura hakuwatazama wao. "Nilikuuliza kwa simu."

"Ndio, mami."

"Ukaniambia jina ya hawa."

"Ndio."

"Na mimi niko hapo ndani. Naoshwa. Nalishwa uji. Nafundishwa kutembea, na siambiwi. Umenificha kama pombe ya chang'aa."

"Mama, mimi sikujua," Shakir akasema. "Kama ningejua..."

"Wewe sikuulizi. Wewe ni mwanaume, utajua nini." Akamgeukia Bi Sumeya. Ndio kwanza wazee wale wawili wakatazamana sawasawa. "Nauliza nyinyi wenye nyumba. Mtu haitwi jikoni. Kama nilizaliwa, nani alisikia?"

Pickup ilikuwa inatetemeka. Matone ya kwanza ya mvua yakagonga godoro. "Mami," Munene akasema kwa upole, "dawa ziko hapa kwa dashboard na mvua..."

"Zima gari."

Akazima. Mishi, aliyemjua Bi Sumeya tangu wakiruka kamba pamoja, alimwona akivuta mtandio wake akiuweka sawa. Bi Sumeya ana ulimi. Mtu amesimama getini kwake anamhoji kama mtoto, mbele ya majirani, kuhusu jina lililotolewa na mawifi zake. Angeweza kusema neno moja tu na pickup ile isionekane tena Skuta.

Bi Sumeya akapita katikati yao, akatoka kabisa nje ya geti, akasimama barabarani kwenye tope na viatu vyake vizuri. Akaweka mkono mdomoni.

"Kabuuura!" akaita, sauti ile ya kuwaita watoto wa mtaa mzima saa ya magharibi. "We Kabura! Njoo hapa!"

"Ii!" akaitika kikongwe ndani ya gari, kabla hajafikiri.

Jirani wa nguo akaangusha kibanio. Munene akauficha uso kwenye usukani, mabega yakimtikisika.

"Nimeita mtoto," Bi Sumeya akasema, amemgeukia. "Wewe mbona waitika?"

"Jina ni langu, aitike nani?"

"Basi mfundishe huyu, maana amesimama hapo kama nguzo ya stima."

Kweli Hanan hakuwa amejongea hata kidogo. Alikuwa anawatazama watu wazima mmoja baada ya mwingine, anangoja waeleweke. Kabura akamtazama. Hasira ilikuwa bado usoni, lakini ilikuwa imepoteza mahali pa kukaa.

"Sijaingia," akamwambia Bi Sumeya, kama anayeonya.

"Sijasema uingie. Chai ipo."

"Nitakunywa siku nitaingia. Leo sijaingia." Kisha akamwinulia Mishi kitabu. "Na wewe fundi, mbona unaniangalia kama ng'ombe ya mnada?"

"Natazama sweta, cucu."

"Tazama vizuri, basi. Hii kitabu haijaisha. Hiyo gunia ya simiti toa. Kiondo nayo toa, nilimpa jirani yangu Murugi zamani, mgongo ilikataa. Na hiyo neno andika yote, usiniachie mtoto na mavi kwa miguu." Munene akakohoa kikohozi ambacho hakikuwa cha ugonjwa. "Ikiisha, mtoto ailete Wang'uru. Yeye mwenyewe, na mikono yake. Si Munene, si mtu wa parcel. Yeye."

"Tutamleta, mami," Tabby akasema. "Wakifunga shule tu."

"Sikusema wakifunga shule. Nimesema ikiisha." Akauvuta mguu wake ndani ya gari, akafunga mlango, akateremsha kioo. Mkono mwembamba ukatoka, ukashika kidevu cha Hanan. "Haya. Baki vizuri, Kabura."

Mtoto akarudi nyuma hatua moja. "Mimi ni Hanan."

Tabby akafumba macho.

"Najua," kikongwe akasema. "Hata mimi kanisani ni Peris. Imenizuia kuwa Kabura?"

Hanan akalifikiria jambo hilo. Alikuwa mtoto wa kufikiria. Mvua ilikuwa inamlowesha kichwa na hakuna aliyethubutu kumsogeza.

"Haya," akasema mwishowe. "Safari njema, Peris."

Munene aliondoa gari kabla watu hawajajua wacheke au watoroke. Lilishuka barabara ya Skuta, kioo bado wazi kwenye mvua, na ndani yake mtu mmoja anacheka na kukohoa kwa zamu, na mwingine anampigia kelele afunge dirisha. Tabby alikuwa amekaa juu ya jiwe la geti, analia bila haya, na Shakir amechuchumaa kando yake na mikono yake ya sabuni, hajui aiweke wapi.

Mishi alikuwa ameshatoa chaki mfukoni. "Ile sweta," akasema, "vifungo vyake vilikuwa rangi gani? Tabby? Vya kahawia au vyeusi?"

Tabby akatikisa kichwa. Hakuona kifungo chochote, alikuwa anaona maji tu.

"Vyeusi," Bi Sumeya akasema, anakung'uta tope kwenye kiatu chake. "Na cha juu hakipo. Ametia pini."

Mishi akaandika kwa chaki juu ya kitambaa: vyeusi, pini juu. Halafu wakaingia ndani kunywa ile chai kabla haijapoa.